Tunasali Umeme Ukikatika

Jumamosi moja alasiri, katika parokia moja ya mjini Songea, katekista aliwauliza watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza swali jepesi: "Nyumbani kwenu mnasali saa ngapi?" Mmoja akajibu, jioni. Wa pili akasema, kabla ya kula. Wa tatu, mtoto wa miaka kumi, akafikiri kidogo, kisha akasema kwa unyofu: "Sisi tunasali umeme ukikatika."

Wenzake wakaangua kicheko. Katekista hakucheka. Alitambua mara moja kwamba katika nyumba ile sala ilikuwa ikingoja televisheni izimike.

Juma lililofuata baba wa mtoto huyo, dereva wa lori la mahindi, alifika parokiani. Hakuja kuuliza mwanawe amejifunza nini. Alitaka kujua tarehe ya Komunyo, maana ukumbi ulikuwa unadai malipo na suti ya mtoto ilikuwa kwa fundi. Alipoambiwa kwamba mtoto hajaweza kuifikisha sala ya Baba Yetu mwisho, alikasirika. "Mzee," alisema, "kufundisha ni kazi yenu. Mimi namleta kila Jumamosi, na zaka natoa."

Ndugu msomaji, usiharakishe kumlaumu. Maneno yake ni ya wengi wetu, nayo yana historia yake. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na kwa miaka mingi baadaye palipokuwa na misheni aghalabu palikuwa na shule. Mtoto alifundishwa kusoma, kuhesabu na kusali chini ya paa moja, pengine na mwalimu yule yule. Mzazi alimkabidhi mtoto asubuhi, akampokea jioni amekwisha kupata vyote. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na Serikali ikazitwaa shule hizo ili watoto wa dini zote wapate elimu kwa usawa. Lilikuwa jambo la haki. Kipindi cha dini kilibaki katika ratiba, lakini kumpata mwalimu wake kukawa ni jukumu la madhehebu yenyewe. Shule zilitaifishwa, mazoea ya kukabidhi hayakutaifishwa. Tumeyarithi hadi leo.

Hebu tufanye hesabu. Juma lina saa 168. Ukijumlisha mafundisho ya Jumamosi na ibada ya Jumapili, mtoto hukaa mikononi mwa kanisa saa tatu au nne. Zilizobaki ni za nyumbani, shuleni na mtaani. Katika saa hizo humwona baba anavyosema na mama, anavyorudisha chenji iliyozidi dukani, na anavyompokea mgeni asiye na kitu. Hayo nayo ni mafundisho, tena hayana likizo. Jirani zetu Waislamu watanielewa: mtoto anayekwenda chuoni kila siku, lakini nyumbani haoni mtu akisujudu, hujifunza maneno akakosa mfano.

Tena sisi wa Songea hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Kanisa Kuu la Jimbo Kuu Katoliki la Songea linaitwa kwa jina la Mtakatifu Mathias Mulumba Kalemba, mmoja wa mashahidi wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1886. Tukiwataja mashahidi hao, wengi wetu huwakumbuka vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Mathias hakuwa kijana wa ikulu. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto na cheo chake, akikaa Mityana. Mapadri walipoondoka Buganda mwaka 1882 wakahamia kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo, hawakurudi hadi mwaka 1885. Kwa muda huo wote imani haikufa. Ilitunzwa majumbani na watu wa namna ya Mathias, wasio na upadri wala shule.

Hata hivyo, kanisa nalo lisinawe mikono. Mwaka 1976 maaskofu Katoliki wa Afrika ya Mashariki waliazimia kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ili kanisa liwe karibu na nyumba za watu. Leo ukipita kwenye jumuiya, mara nyingi utawakuta wazee wameketi ndani kwenye viti na watoto wamefukuzwa nje wasipige kelele. Katika madhehebu mengine watoto hupelekwa shule ya Jumapili huku wazazi wakiwa kwenye ibada, na wakikutana mlangoni hakuna anayemwuliza mwenziwe amesikia nini. Mwalimu naye aghalabu ni mmoja, hana malipo, na watoto wamejaa hadi mlangoni. Mtu wa namna hiyo hapana budi asaidiwe, si kuachiwa kila kitu.

Nirudi kwa yule dereva. Katekista hakumjibu kwa hasira. Alimwomba tu waketi, wasali Nasadiki pamoja. Walipofika katikati, baba akanyamaza. Alikuwa ameisahau. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo sababu hapendi kuulizwa maswali na mwanawe: anaogopa kuaibika.

Nadhani hapo ndipo penye kidonda. Wazazi wengi hawajakataa kufundisha, wanaficha kutojua. Kwa hiyo mafundisho ya watoto na yawe pia mafundisho ya wazazi, bila kuwaaibisha. Jumuiya na impe mtoto zamu ya kusoma Injili. Baba na mama wa ubatizo waache kukumbukwa siku ya zawadi tu. Na nyumbani dakika kumi zinatosha, mradi ziwe za kila siku.

Mtoto yule hakufutwa katika orodha. Baba na mwana walipewa kazi moja: kila usiku sala moja, wajifunze pamoja. Baba akilala Makambako na mzigo wake, hupiga simu.

Nasikia siku hizi katika nyumba ile umeme ukikatika hutafutwa mshumaa tu, maana sala imekwisha kusaliwa.