Usinunue Hadithi Nusu

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee kidogo kuhusu snuka. Ni ndugu yake na ile pool inayochezwa vijiweni, ila meza yake ni kubwa zaidi na mipira ni 22.

Mwaka 2023 Mbelgiji Luca Brecel alitwaa ubingwa wa dunia kule Sheffield, Uingereza. Akasema wazi kwamba kabla ya mashindano hakufanya mazoezi ya maana, alikuwa anakula bata tu. Watu wakaipenda hiyo. Eti kipaji!

Mimi nasema hiyo ni nusu ya hadithi, na nusu hadithi ndiyo inayotuponza sisi wenye mitaji midogo.

Nusu nyingine hii hapa. Brecel aliingia kwenye snuka ya kulipwa mwaka 2011. Mwaka 2012, akiwa na miaka 17, akawa mchezaji mdogo kuliko wote waliowahi kufika pale Sheffield kugombea ubingwa huo. Akatolewa mechi ya kwanza. Kabla ya 2023 alishafika hapo mara tano, na hakuwahi kushinda hata mechi moja! Kilichomlipa muda wote huo ni mashindano mengine, kama yale ya China aliyoshinda 2017. Hayo mazoezi unayoambiwa hakufanya, alishayafanya miaka kumi na zaidi.

Sasa shika simu yako. Mtu anaposti: "Nilianza na elfu hamsini, leo natuma mizigo mikoa yote." Miaka aliyouza kwa hasara haisemi. Dada wa Mlandege anasoma, anachukua mkopo wa kikundi, anafungua belo la mitumba, anategemea mwezi mmoja hela irudi. Isiporudi anafuta akaunti. Akaunti inafutika, marejesho hayafutiki.

Na hadithi haiishii kwenye kombe. Mwaka 2024 Brecel alirudi kama bingwa, akatolewa mechi ya kwanza na David Gilbert, 10-9.

Kwa hiyo ukikutana na hadithi ya mafanikio, uliza mambo matatu: alianza lini hasa, alipoteza kiasi gani njiani, na baada ya hapo ikawaje? Asipojibu, mpe hongera zake. Ila usikopee hela hadithi ya mtu.