Ilani ya Wanaolima na Wanaokula Mboga

Sisi tunaolima nyanya, tunaozisafirisha, tunaozipanga mafungu gengeni na tunaowakatia watoto wetu kachumbari, tumeungana kudai chakula kisicho na mabaki ya sumu.

Tunayajua mambo yanavyokwenda shambani. Nyanya zimepigwa dawa ya ukungu jana. Usiku dalali anapiga simu: bei imepanda, Fuso inapita alfajiri. Nani atasubiri? Lebo inataja siku za kungoja kabla ya kuvuna, lakini mara nyingi dawa ilinunuliwa kwa kupimiwa, kwenye chupa ya maji isiyo na lebo. Nyanya zinaingia kwenye tenga zikiwa na vumbi jeupe karibu na kikonyo. Mlaji anaifuta moja kwa kanga, anaitafuna.

Hatumlaumu mkulima. Tangu mdudu kantangaze aingie Tanzania mwaka 2014, akitoboa tunda na kulila kwa ndani, watu wamepoteza mashamba mazima. Wengi sasa wanachanganya dawa mbili tatu katika bomba moja. Bwana shamba ni nadra kuonekana. Anayewashauri ni muuzaji wa pembejeo, naye anaishi kwa kuuza dawa.

Hata hivyo, anayeumia ni mtoto. Klopirifosi, dawa inayoua wadudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, imehusishwa na madhara kwenye ukuaji wa ubongo, hata wa mtoto aliye tumboni. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu mwaka 2020. Mei 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, Tanzania ikiwemo, ziliamua itokomezwe, ingawa baadhi ya matumizi yameachwa kwa muda. Tusidanganyane kuhusu kuosha: maji huondoa sehemu ya kilicho juu ya ganda, lakini dawa inayonyonywa na mmea, kama imidaklopridi, imo ndani ya tunda.

Upimaji hubadilisha mambo: mwaka 2013 Ulaya iliongeza ukaguzi wa maharage mabichi kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa ya wadudu iitwayo dimethoeti. Wasafirishaji walilazimika kujirekebisha, kwa kuwa mnunuzi alipima. Mlaji wa masoko yetu ya Ilala na Mwanjelwa ana haki hiyohiyo ya mboga iliyopimwa.

Kwa hiyo tunaitaka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipime mboga za masoko ya ndani na kutangaza matokeo soko kwa soko, yakiwa mazuri au mabaya. Siku za kungoja ziandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Uuzaji wa dawa kwa kupimiwa ukomeshwe.

Nasi tunajifunga: mkulima wetu ataandika kwenye kila tenga tarehe aliyopiga dawa mara ya mwisho, dalali wetu hatamharakisha, na mwenye genge hatanunua tenga lisilo na tarehe. Tunajua tutapoteza baadhi ya wateja.

Wewe unayesoma, kesho sokoni uliza: nyanya hizi zimepigwa dawa lini? Usipojibiwa, nenda meza nyingine ukaulize tena.