Stesheni Kibao, Playlist Moja

Wasee, kesho mkiwa kwa matatu hebu mwambieni dere azungushe redio kutoka 88 mpaka 107. Saa moja asubuhi, kila stesheni ya pili kuna mtu anapigia bibi ya mtu simu. Muziki ukianza ni amapiano, Bongo, dancehall, halafu amapiano tena. Sina noma na amapiano, mi hudensi kama wewe tu. Lakini yetu iko wapi?

Zilizopendwa zimewekewa Jumapili kama nguo za kanisa. Gengetone nayo tulijipigia wenyewe: Lamba Lolo ya Ethic, 2018, ilituingia kupitia YouTube na spika za nganya.

Nairobi inahitaji stesheni ya muziki wa Kenya pekee, kutwa kucha. Benga ya D.O. Misiani asubuhi (mzee akipiga gita usingizi unaisha), genge ya Calif Records mchana, arbantone jioni watu wakitoka job. Hawa wa arbantone wanachota midundo ya kitambo, so zikae tu pamoja. Na wimbo ukipigwa redioni msanii anafaa kulipwa mirabaha. Ukipigwa ngoma ya Afrika Kusini, hiyo doo si ya msee wa Kayole.

Mtasema haitauza matangazo. Ghetto Radio 89.5 inapiga Sheng tangu asubuhi na bado iko hewani. Meneja mmoja ajaribu hata miezi sita. Mimi nitasikiza mpaka matangazo ya dawa ya meno.