Ziwa likipanda, kumbukumbu za biashara zikae wapi?

KAJAGA, Bujumbura – Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kukaribia kiwango kilichoweka rekodi mwaka 1964. Katika Kajaga, kitongoji cha ufukweni kando ya barabara ya taifa namba 4 itokayo Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo, maji yaliingia majumbani na katika mahoteli ya pwani. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika na kuzamisha mitaa ya Gatumba, na mwaka 2021 likawa zamu ya ziwa lenyewe.

Hasara ya mafuriko huhesabiwa kwa vitu vinavyoonekana: kuta, magodoro, majokofu, magunia ya mchele. Ipo hasara nyingine isiyoingia katika orodha hiyo. Ni daftari la wadeni, ankara za wauzaji, mikataba ya wapangaji na kompyuta iliyobeba hesabu za miaka kadhaa. Duka lililopoteza bidhaa linaweza kukopa na kuanza upya. Lililopoteza kumbukumbu halina cha kumwonyesha afisa wa benki ili limkope, wala ushahidi wa kumdai mteja aliyechukua mali kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi.

Kwa biashara za eneo hili, basi, swali la huduma za wingu halihusu kwenda na wakati. Ni swali la mahali: je, kumbukumbu zikae pale maji yanapofika, au kwingine?

Wingu ni nini hasa

Neno “wingu” huwapoteza wengi. Hakuna kinachoelea angani. Ni kompyuta kubwa, yaani seva, zilizopangwa ndani ya jengo lenye ulinzi, vipoza hewa na njia zaidi ya moja ya umeme. Mfanyabiashara hukodi nafasi humo kama anavyokodi chumba cha ghala, na huifikia kwa intaneti kutoka kwenye simu au kompyuta yake. Simu ikizama, huchukua nyingine, huingiza nenosiri, na hesabu zote huwa pale pale.

Faida hiyo haihusu maji peke yake. Tarehe 27 Januari 2013 moto uliteketeza soko kuu la Bujumbura. Tarehe 10 Julai 2021 moto ukaunguza jengo la soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Katika masoko kama hayo mali na daftari hukaa chini ya paa moja, na kinachokula kimoja hula na kingine.

Seva ya ofisini na jenereta

Kampuni inayotaka kuwa na seva yake Bujumbura hubeba gharama tatu. Ya kwanza ni kununua mashine yenyewe, tena kwa fedha za kigeni. Ya pili ni mtu wa kuitunza. Ya tatu ni umeme. Uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi katika miaka ya karibuni umeonyesha udhaifu wa mpango wa kutegemea jenereta: umeme ukikatika na dizeli ikakosekana, seva hulala, na kazi yote ya ofisi hulala nayo.

Anayekodi nafasi kwenye wingu huondokana na mzigo wa kununua mtambo na kuuwekea jenereta. Hulipa kwa mwezi kulingana na anachotumia. Hoteli ya ufukweni inaweza kuongeza nafasi msimu wa wageni ukifika na kuipunguza ukipita. Simu yenye chaji ya betri humtosha meneja kuona nani ameweka oda ya chumba, hata umeme ukiwa umekatika mtaani, ilimradi mnara wa simu uko hewani.

Wafanyabiashara wa ukanda huu wana sababu nyingine. Sehemu kubwa ya bidhaa za Burundi hupita bandari ya Dar es Salaam na kuingia kwa mpaka wa Kobero, na baadhi huendelea hadi Uvira, ng’ambo ya Gatumba. Mtu anayeagiza Dar es Salaam, anayehifadhi Bujumbura na kuuza Uvira anahitaji daftari moja linaloonekana sehemu zote tatu kwa wakati mmoja. Aidha, Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR) imekuwa ikiwahimiza walipa kodi watumie ankara za kielektroniki. Ankara ya namna hiyo ikihifadhiwa kwenye kompyuta moja tu iliyo dukani, mafuriko ya usiku mmoja huacha pengo ambalo mwenye duka atatakiwa kulieleza.

Njia ndefu ya kufika wingu

Pamoja na hayo, wingu la Kajaga liko mbali. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Burundi haina bahari. Data zake husafiri kwa mkongo wa nchi kavu kupitia majirani hadi pwani ya Bahari ya Hindi, kisha huingia katika nyaya za chini ya bahari.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilidorora vibaya Tanzania, na nchi jirani nazo zikaguswa. Kwa siku hizo, biashara iliyoweka kila kitu kwenye wingu bila nakala yoyote mezani iligundua kwamba kumbukumbu zilizo salama si lazima ziwe kumbukumbu zinazofikika.

Kikwazo cha pili ni dola. Huduma nyingi za wingu hutozwa kwa sarafu hiyo. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa zaidi ya robo, kutoka karibu 2,090 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Bei ya huduma haikupanda hata senti moja, lakini anayelipa kwa faranga aliona ankara yake ikiongezeka. Na kuwa na faranga mkononi hakumaanishi kuipata dola.

Kikwazo cha tatu ni kudhani kwamba wingu haliungui. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala katika kituo kingine waliendelea na kazi. Baadhi ya wale ambao data zao zote zilikuwa katika jengo lile hawakuzipata tena. Mwenye jengo hukodisha nafasi. Jukumu la kuwa na nakala ya pili mara nyingi hubaki kwa mteja, isipokuwa mkataba useme vinginevyo.

Kazi ya Jumuiya

Vikwazo hivi vitatu vina jambo moja linalofanana: hakuna nchi ndogo inayoweza kuviondoa peke yake. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010 ikiahidi biashara huru ya huduma. Kukodi nafasi ya seva Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam ni huduma kama kukodi lori. Miji hiyo ina vituo vya data, na iko karibu na Kajaga kuliko Cape Town. Data zikikaa ndani ya ukanda, kukatika kwa waya kusini ya mbali kusingewazuia wafanyabiashara kuzifikia, mradi mikongo ya nchi kavu iwe imara na iwe na njia mbadala.

Malipo nayo yana njia. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, ulioanzia Kenya, Tanzania na Uganda kabla ya kufika Rwanda, ulibuniwa ili benki zilipane kwa sarafu za nchi wanachama. Mfanyabiashara wa Kajaga angeweza kulipa seva ya Dar es Salaam kwa faranga ikipokelewa kwa shilingi, swali la dola lingepungua uzito.

Linabaki suala la sheria. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Kila moja ina mamlaka yake na masharti yake kuhusu taarifa kuvuka mpaka. Sheria ya Rwanda, kwa mfano, hutaka kibali kabla ya kuhifadhi taarifa hizo nje ya nchi. Masharti hayo yana maana, kwani orodha ya wageni wa hoteli ina namba za pasipoti na za simu. Lakini hoteli yenye wafanyakazi 15 haiwezi kuajiri mwanasheria kwa kila mpaka. Kanuni moja ya Jumuiya, inayotambua kibali cha nchi moja katika nchi nyingine, ingewasaidia wadogo kuliko wakubwa.

Kabla ya mkutano ujao wa mawaziri

Ziwa halisubiri itifaki. Wataalamu wa kuhifadhi data hufuata kanuni rahisi: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na eneo la kazi. Kwa duka dogo hilo halihitaji mtaji mkubwa. Akaunti ya bure ya Google hutoa nafasi ya gigabaiti 15. Picha ya ukurasa wa daftari iliyopigwa kwa simu huchukua megabaiti chache tu, hivyo nafasi hiyo hutosha kurasa elfu kadhaa. Nakala ya pili iwekwe kwenye diski inayokaa kwa ndugu aliye mlimani, si ufukweni. Nenosiri lijulikane na watu wawili wanaoaminika, maana biashara nyingi hufungiwa nje ya kumbukumbu zake siku mwenye nenosiri anapougua au kuondoka.

Na jaribio lifanywe kabla ya masika: zima kompyuta ya dukani, chukua simu nyingine, uone kama daftari linafunguka. Lisipofunguka siku ya jua, halitafunguka siku ya mafuriko.