Kabla Mfungue Makao ya Yatima, Lipeni Nauli ya Nyanya

Anko wangu anaishi Minnesota, na kila Desemba huruma humpata ghafla. Mwaka juzi ilimpata vibaya. Akaunda grupu ya WhatsApp ya familia nzima, akaweka picha ya dunia, akaandika: "Tuanzishe wakfu wa familia wa kusaidia yatima duniani kote." Duniani kote, wasee. Sisi ambao hadi wakati huo tulikuwa hatujakubaliana nani amalizie deni la tenti za matanga.

Mimi nikapewa kazi ya "mawasiliano." Nina simu nzuri, na niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kwa familia yetu mimi ndiye mtu mwenye muda.

Tulimaliza wiki mbili kwa jina tu. Anko alitaka neno "Kimataifa" liwe ndani. Wengine walitaka jina la babu. Binamu mmoja alichora nembo ya mikono miwili imebeba mtoto analia, na watu kumi na wanne wakamtumia moto na makofi. Lakini hakuna aliyeuliza ni yatima gani huyo, analala wapi, na anataka nini.

Wacha niseme ninachoamini mapema, maana najua wengine wenu hamfiki mwisho. Familia ndogo inaweza kusaidia yatima vizuri hata kuliko shirika kubwa, mradi isaidie ile nyumba ambayo mtoto tayari anaishi. Ikianza kumtafutia mtoto nyumba nyingine, au kumtafutia kamera, imeharibu. Mimi niliharibu, na nitafika hapo.

Kwetu ni Rongo, Migori. Kwa kina mama ni Ndhiwa, Homa Bay. Ukitoka huku hauhitaji mtu akueleze yatima ni nani, unakaa naye dawati moja. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulipopima Ukimwi, Homa Bay karibu mtu mzima 1 kati ya 5 alikuwa na virusi. Migori ilikuwa asilimia 13, wakati nchi nzima ilikuwa 4.9. Na hapo tayari dawa zilikuwa zimeokoa watu wengi sana. Wazazi wetu wanakumbuka miaka ya tisini, wakati kila Ijumaa kulikuwa na gari la maiti barabarani.

Sasa jiulize wale watoto walienda wapi. Wengi wao hawakuingia kwa jumba lenye geti na bango. Walienda kwa nyanya, kwa shangazi, kwa kaka wa miaka 17 ambaye aliacha shule akaenda kuvua omena. Nyanza ilibeba watoto wake kimya kimya, na hakuna mtu alipigwa picha akiwabeba.

Hata kwetu ilikuwa hivyo. Mama yangu mdogo alifariki 2021. Wiki moja baada ya mazishi watoto wake watatu walikuwa wanalala sebuleni kwetu, kichwa kwa miguu. Mama anauza omena sokoni Migori. Alikaa chini na kalamu, akapiga hesabu ya unga, sare na karo ya watu watatu zaidi, na ile semesta yangu ikapotea ndani ya hiyo hesabu. Hakuniita kunieleza. Niliona tu. Nilikasirika manze, karibu mwaka mzima, na sikumwambia mtu, kwa sababu unamkasirikia nani? Mtoto wa miaka minne?

Kwa hivyo anko aliposema "tuanzishe," nilicheka. Mama alikuwa ameanza kitambo. Hakuwa tu na nembo.

Kitu kingine ambacho anko hakujua ni kuhusu hilo jumba. Ndoto yake ilikuwa ploti Rongo, nyumba ndefu ya vyumba ishirini, vitanda vya dabo deka, na jina ukutani. Nikamwambia serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto tangu Novemba 2017. Halafu 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huo huo mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwa makao na kuwarudisha kwa familia na jamii. Alinyamaza kwa grupu siku tatu.

Kama unafikiri hiyo ni serikali kusumbua watu wazuri, angalia kwingine. Mwaka 2009 shirika la Save the Children liliandika kwamba angalau watoto 4 kati ya 5 walio kwa makao duniani wana mzazi aliye hai. Mzazi yuko, lakini hana pesa. Cambodia na Nepal mambo yalifika mbali zaidi. Watalii na wafadhili walivyozidi kuja na doo, ndivyo makao yalivyozidi kufunguliwa, na watoto wakaanza kuchukuliwa vijijini kutoka kwa wazazi wao kuja kujaza vitanda. Ukijenga kitanda na kukilipia, mtu atakutafutia mtoto wa kukilalia. Sisemi kila makao ni mabaya. Kule Kitui kuna kijiji cha Nyumbani, na nakiheshimu kwa sababu hawakuwatenganisha. Walichukua wazee waliopoteza watoto wao na watoto waliopoteza wazazi, wakawaweka nyumba moja. Hata hapo, ukiangalia vizuri, kitu kinachofanya kazi ni nyanya.

Sasa nije kwangu.

Kabla hatujasajili chochote, familia ilichanga 9,400 tukaamua tuanze na mtoto mmoja. Kijana wa miaka 11, upande wa Karungu kando ya ziwa, anaishi na nyanya yake. Tukanunua godoro, viatu vya shule, madaftari na sukari kilo mbili. Nikaenda na simu yangu na kile kifimbo cha kuishikia. Nilimwambia asimame mlangoni na ashike viatu juu kidogo, tena kidogo. Nikarudia mara tatu kwa sababu jua lilikuwa linaingia kwa lenzi. Usiku nikaweka muziki wa piano na maandishi: wazazi wake wote wawili walifariki kwa Ukimwi.

Niliandika hivyo. Kwa mkono wangu. Na uso wake ukiwa wazi.

Ilitazamwa mara 340,000. Sijawahi kupata hiyo namba kabla na sijaipata tena. Kwa siku tano watu walituma 61,000. Anko alipiga simu akilia. Nikajiona nimeomoka na mbinguni pia nimeandikwa.

Siku ya tisa nyanya akanipigia kwa simu ya jirani. Alizungumza Kijaluo, polepole, kama mtu ambaye alikuwa amepanga maneno njiani. "Nyathina, godoro ni zuri. Lakini umemvua nguo mbele ya watu." Shuleni walikuwa wameiona. Watoto walikuwa wanamuuliza kama na yeye anao. Mmoja alikataa kunywa maji kwa kikombe alichotumia. Wakampa jina la utani ambalo siwezi kuandika hapa. Alikuwa ameacha kwenda shule, na nyanya alikuwa amejaribu kumwambia itapita.

Nilifuta video usiku huo. Haikusaidia. Akaunti mbili zingine zilikuwa zimeichukua, na moja ilikuwa imebandika namba yake ya kutumia pesa. Mpaka sai sijui nani alikula hizo.

Nilienda Karungu bila simu. Kijana alikuwa ufuoni na hakuja kunisalimia. Nyanya alinipa chai, tukakaa. Muhula uliofuata alihamia shule nyingine, mbali kidogo, na sare mpya tulinunua kwa zile zile pesa za video. Nalifikiria hilo zaidi ya kitu kingine chochote nimewahi kuposti.

Mtu ataniambia, lakini si pesa ilikuja? Ilikuja, na ndiyo shida yenyewe. Ingekuwa video imefeli, ningejifunza bure. Ilifanya kazi, na aliyelipa ni mtoto wa miaka 11. Wale mnaotengeneza kontenti kama mimi, mnajua tunavyojidanganya kwamba tunaomba ruhusa. Niliomba, kweli. Nyanya alikubali. Lakini nilikuwa nimesimama kwake nimebeba godoro. Angesema nini?

Baada ya hapo tulianza kuuliza badala ya kupeleka, na majibu yalinishangaza. Hakuna nyanya hata mmoja aliyesema anataka mtoto achukuliwe. Wengi walitaka karatasi.

Iko hivi. Mtoto akitaka basari, ile fomu ina sehemu ya yatima, na inataka cheti cha kifo cha mzazi. Sasa baba alifia nyumbani, akazikwa nyuma ya nyumba, hakuna aliyeripoti kwa chifu kwa sababu siku hiyo nani alikuwa na akili ya kuripoti? Miaka sita baadaye mtoto anaingia sekondari na kwa karatasi baba yake bado yuko hai. Hana cheti cha kifo cha baba, na pengine hana cha kuzaliwa chake mwenyewe. Bila hivyo jina lake linarushwa. Serikali ina pesa za yatima chini ya Inua Jamii, mpango uliojaribiwa mara ya kwanza 2004, na malipo yake yamekuwa 2,000 kwa mwezi kwa nyumba. Si nyingi ukigawa kwa watoto watatu, lakini ni unga. Na huko pia unaulizwa vitambulisho.

Kwa hivyo kazi kubwa ya wakfu wetu wa kimataifa ni nauli. Kumpeleka nyanya kwa chifu, kutoka kwa chifu hadi ofisi ya usajili, kurudi kwa sababu jina liliandikwa vibaya, kwenda tena. Kupiga fotokopi. Kukaa kwenye benchi. Pia tunalipa sare na pedi, na nauli ya kliniki kwa wale wanaochukua dawa. Watoto ni saba, nyumba ni nne, na sheria yetu ni kwamba kila nyumba lazima niifikie kwa boda na nirudi siku hiyo hiyo. Watu wazima saba tunachanga, kila mtu kati ya 500 na 1,000 kwa mwezi, anko anatuma dola 50. Tuliacha chama kidogo tunachoandikisha kama kikundi cha jamii, na tukaacha "duniani kote." Ingawa grupu bado ina picha ya dunia, kwa sababu anko ndiye admini.

Na hapa ndipo huwa naulizwa: sasa watoto wa Gaza? Wa Goma? Wao si yatima? Ni yatima, na inaniuma kama inavyokuuma. Lakini hata Goma kuna nyanya na shangazi. Ukiwa na pesa ya kutuma mbali, tafuta watu walio huko tayari, wanaosaidia familia kubaki pamoja, uwatumie wao. Usifungue ofisi ya huruma Rongo eti ihudumie bara tatu. Hata hatuna mtu wa kupokea simu.

Mkitaka mfano wa familia, uko hapa hapa Rongo, kijiji cha Lwala. Milton Ochieng' alipopata nafasi Chuo cha Dartmouth kule Marekani, hakuwa na nauli ya ndege. Wanakijiji wakauza kuku na ng'ombe akaenda. Mdogo wake Fred akamfuata. Wazazi wao wote wawili wakafariki kwa Ukimwi. Hao vijana wangeweza kurudi na kujenga jumba la yatima, na nani angewalaumu, wao wenyewe walikuwa wameshakuwa yatima. Walijenga kliniki. Ilifunguliwa 2007, na leo ni hospitali na shirika linalofanya kazi Migori kwa upana.

Huwa nafikiria sana kwa nini walichagua kliniki. Mama akipata dawa mapema anaishi, na watoto wake wanabaki kuwa watoto wa mtu. Homa Bay ilijua hilo kabla ya sehemu nyingi za nchi, maana Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali pale hospitalini 2001, wakati wengi walikuwa wanaambiwa Waafrika hawataweza kuzimeza kwa wakati. Sijui ni watoto wangapi huku wana mama leo kwa sababu ya hiyo dawa. Hakuna mtu anawapiga video, kwa sababu hakuna kitu cha kuonyesha. Ni mtoto tu na mama yake wanatoka sokoni.

Binamu zangu watatu bado wako kwetu. Yule wa miaka minne sasa yuko gredi ya pili na anaiba chaja yangu. Mama amepiga marufuku neno "yatima" ndani ya nyumba. Hata anko akipiga simu ya video akiuliza "yatima wangu wako aje," mama anakata, kisha anasema mtandao ulikuwa mbaya.

Jumatatu naenda na nyanya mmoja wa Ndhiwa kufuata cheti cha kifo cha mwanawe. Ni safari ya tatu. Anko alituma nauli jana, halafu akaomba picha ya kuweka kwa ripoti ya wafadhili, ambao ni yeye na rafiki zake wawili wa kazini. Nikamtumia picha ya risiti ya fotokopi, shilingi 30.