Mukula, Chura na Kamba ya Mita 50



Neno "uwiano" limekuwa tamu midomoni mwa watu. Mfanyabiashara wa mbao hulitaja, afisa wa misitu hulitaja, na sisi walimu hulitaja tunapotaka kufunga somo bila kuchagua upande. Husemwa: tukate miti, lakini kwa uwiano, tulinde viumbe, lakini kwa uwiano. Nataka kulipinga neno hilo kidogo, maana limetumiwa sana kulifunika swali lenyewe. Msituni kuna mahali panapoweza kuvunwa, na kuna mahali pasipoweza kuvunwa hata kidogo. Kutofautisha mahali na mahali ndiyo kazi, na kazi hiyo hufanywa kwa miguu na kwa kamba, kabla ya mtu yeyote kutia saini.

Wengi wenu mlikuwa wadogo biashara ya mukula ilipovuma katika Haut-Katanga, mnamo mwaka 2016 na 2017. Mti huo, ambao wataalamu huuita Pterocarpus tinctorius, wazee wetu waliujua kwa unga wake mwekundu wa kupakaza mwili na kutia rangi. Uchina waliutaka kwa fanicha za fahari, kwa sababu mbao zake nyekundu zinafanana na zile za Asia ambazo zimekwisha kukatwa. Ghafla kila njia ya porini ikawa na alama za matairi. Magogo yalivuka mpaka kuingia Zambia, yakaelekea bandari za bahari ya Hindi. Mwaka 2017 Zambia iliyazuia malori ya mukula kwa mamia, na madereva, wengi wao Watanzania, wakakwama huko kwa majuma. Mwezi wa Agosti 2019, mkutano wa mataifa uliofanyika Geneva uliuweka mti huo chini ya mapatano ya CITES, ili usivuke mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji wake hauumizi msitu. Na mwaka 2022 jamii nzima ya Pterocarpus ya Afrika, pamoja na mulombwa wetu, iliwekwa humo. Hatua hizo zilikuwa njema. Lakini zilikuja wakati mukula mingi mikubwa imekwisha kuanguka.

Sisi wa Kilwa hatukushangaa sana. Tulikwisha kuiona shaba ya Dikulushi ikivuka ziwa Mweru kwa kivuko, nasi tukibaki ufukoni tunaitazama.

Sasa chura anaingiaje katika habari hii? Mukula haisimami majini. Husimama katika pori la miombo, pamoja na mubanga na miti mingine mnayoijua. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba mkata mukula na chura hawana ugomvi. Ugomvi huanza gogo likishalala chini. Gogo halina miguu. Huburutwa, na njia rahisi ya kuliburutia ni ile isiyo na miti mingi, yaani dembo, bonde lile la majani ambamo maji hujikusanya wakati wa mvua. Kambi ya wakataji inahitaji maji, kwa hiyo hupigwa kwenye chemchemi. Nguzo za kambi na magogo ya kulazia daraja la malori hukatwa mahali palipo na miti iliyonyooka karibu na maji, na mahali hapo ni mushitu, ule msitu mweusi mwembamba unaofuata kijito. Hivyo mti unaouzwa hutoka porini, lakini kidonda hubaki kwenye maji.

Chura ni kiumbe anayevuta pumzi pia kwa ngozi, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevu. Ukiondoa kivuli juu ya kijito, jua huingia, majani yaliyooza chini hukauka, na chura anayeishi humo hana koti la kuvaa. Tope la njia ya lori likishuka na mvua ya kwanza, hufunika mayai na viluwiluwi. Hahami kwenda mbali, kwa kuwa kati ya kijito na kijito kuna pori kavu ambalo kwake ni kama jangwa. Ndiyo maana tathmini kubwa ya dunia iliyotangazwa mwaka 2023, iliyochunguza aina zaidi ya 8,000 za vyura na jamaa zao, ilikuta kwamba takriban 2 kati ya kila 5 zimo hatarini kutoweka, na kwamba tishio lililo la kawaida kuliko yote ni kuharibiwa kwa makao yao. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililo katika hali mbaya kama hiyo.

Vyura wa Katanga walikusanywa kwa bidii zaidi kati ya mwaka 1946 na 1949, katika msafara wa Gaston-François de Witte kwenye hifadhi ya Upemba. Aina kadhaa zilizotambulishwa kutokana na kazi hiyo, hata leo, zimeandikwa katika daftari za dunia kuwa hazina habari za kutosha. Zilionekana, zikapewa jina la Kilatini, zikarudishwa gizani. Mukula ilipokatwa, hakuna aliyetangulia kuhesabu waliomo katika vijito. Basi ili tuone jambo hili kwa macho mawili, yaani mbao kwa jicho moja na chura kwa jingine, inatubidi tuvuke ziwa Tanganyika na kwenda hadi karibu na pwani ya Tanzania, kwa watu waliolipitia kabla yetu na habari zao zikaandikwa.

Milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, ina msitu wa kale sana. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti huko Amani mwaka 1902, na kwa sababu hiyo viumbe vya milima hiyo vinajulikana kuliko vya kwetu. Yupo chura mdogo, Hoplophryne rogersi, ambaye viluwiluwi vyake hukua katika maji kidogo yaliyotuama ndani ya mianzi na katika makwapa ya majani ya migomba. Yupo mwingine, Arthroleptides martiensseni, anayekaa kwenye miamba ya vijito vya msituni. Wote wawili wamo katika orodha ya walio hatarini. Na yupo wa tatu, Parhoplophryne usambarica, aliyepatikana Amani mwaka 1926: mmoja tu. Hadi leo elimu inamjua kwa huyo mmoja. (Jamaa yao wa milima ya Ukaguru, aliyetambulishwa mwaka 2002, alipewa na wataalamu jina la Churamiti maridadi. Mara moja tu katika maisha yangu nimeona Kiswahili kikivaa vazi la Kilatini, nami nilifurahi.)

Katika msitu huo huo, tangu miaka ya 1970, kiwanda cha mbao cha Sikh Saw Mills kilivuna magogo kwa mashine, kwa msaada wa serikali ya Ufini. Msaada huo ulikuwa na nia njema: Tanzania ilihitaji mbao, vijana wa Tanga walihitaji kazi. Lakini njia za matrekta zilikata miteremko, msitu ukafunguka, na miti ya kigeni ikajaza mapengo. Wanasayansi na wenyeji walilalamika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uvunaji wa mashine ulikomeshwa. Wafini wale wale waliolipia misumeno walilipia baadaye upimaji wa msitu na ulinzi wake, na mwaka 1997 ikatangazwa hifadhi ya Amani, zaidi ya hekta 8,000. Jambo lililoshinda katika mabishano yale halikuwa chura peke yake. Lilikuwa mto Sigi, unaotoka milimani humo na kuunywesha mji wa Tanga. Chura na bomba la mjini walikuwa na haja ya kijito kile kile, chenye kivuli kile kile.

Tazameni utaratibu wa matukio hayo: kwanza msumeno, kisha malalamiko, kisha upimaji, kisha mpaka. Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, katika ibara ya 183, unadai kinyume chake: madhara yachunguzwe kabla ya mpango wa biashara kuandikwa, si baada yake. Hilo si shauri la kiroho tu. Ni shauri la fundi yeyote anayepima ubao kabla ya kuukata.

Najua mtakalonijibu, kwa sababu mmekwisha kunijibu mara nyingi baada ya mafundisho: chura hanilipii ada ya shule. Jibu hilo halinichukizi. Kijana anayeshinda kutwa bila kazi, na mwenye lori amefika na pesa mkononi, hawezi kutulizwa kwa hotuba juu ya ngozi ya chura. Nasema tu kwamba jibu hilo linadhani chura na ada ya shule wamo katika mizani moja, kimoja kikipanda kingine kishuke. Katika habari ya mukula haikuwa hivyo. Msitu ulifunguliwa wote, chemchemi na mabonde yote, na bado sijaona kando ya ziwa letu darasa hata moja lililoezekwa kwa fedha hizo. Kijito kilipotea bila kununua chochote.

Tena sisi ni watu wa samaki, tuna mfano wetu. Waulizeni wazee habari za mpumbu, samaki aliyejaa Mweru na kupanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga mayai. Katikati ya karne iliyopita alivuliwa hadi akawa haba. Kilichommaliza kilikuwa nyavu zilizotegwa pale pale mtoni, majira yale yale ya kupanda, matumbo yakiwa yamejaa mayai. Mahali na majira ndivyo vilivyomwangusha, kuliko hata idadi ya wavuvi.

Turudi kwenye kamba. Sheria ya misitu ya nchi yetu, ya tarehe 29 Agosti 2002, katika kifungu cha 48, inakataza kufyeka miti mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Ukanda huo ndio makao ya chura, neno kwa neno, ingawa sidhani kama walioiandika walimfikiria. Mfanyabiashara hodari atasema kwamba kukata mti mmoja mmoja si kufyeka. Anaweza kushinda hoja hiyo mbele ya hakimu. Ndiyo sababu tunahitaji amri yetu wenyewe, iliyo kali zaidi, nayo inawezekana: kwa dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, jamii ya kijiji inaweza kuomba kwa gavana wa jimbo msitu wake wa jadi, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha miaka. Ikiupata, ni jamii yenyewe inayoandika mpango wa matumizi: hapa mbao, hapa makala, hapa viwavi na uyoga, na hapa msumeno hauingii.

Iko gharama, na sitaificha. Yule ambaye sehemu yake ya msitu imeangukia kijitoni atakosa miti ambayo jirani yake ataiuza. Huko Usambara, ushoroba wa Derema ulipofungwa ili kuunganisha vipande vya msitu, wakulima wa iliki walilipwa fidia, na wengi wakalalamika kwamba haikutosha. Walindaji wa chura walipata adui kwa kosa la hesabu. Basi mapato ya mbao za jamii yagawanywe kwa wote, pamoja na mwenye kijito, na yeye ahesabiwe wa kwanza. Bila hivyo usiku mmoja atakwenda mwenyewe kuuhamisha mpaka, nami sitakuwa na uso wa kumkemea.

Wakataji huja kiangazi, njia zikiwa kavu. Wakati huo dembo ni uwanja wa majani makavu, na chemchemi nyingi zimejificha. Mgeni anaweza kusimama juu yake na kuapa kwamba hapana maji. Mpaka uliowekwa mwezi wa Agosti utakuwa wa uongo hata kama waliouweka ni waaminifu. Chemchemi hujionyesha wakati wa mvua, kuanzia Novemba, na usiku vyura wenyewe huzitangaza kwa kelele zao, hata asiyejua msitu akasikia maji yako wapi. Kikundi cha vijana sita, kamba ya mita 50, rangi ya kupaka kwenye miti, mzee mmoja anayejua majina ya vijito, na chifu aliyepewa habari mapema. Mvua huisha Aprili.