Mukono wa mama nao ni mukono wa mufanyakazi

Munajua namna tunafanya wakati mukono wa muchimbaji unavimba juu ya mashine ya kutoboa mawe. Delege anaandika mu daftari, anaenda kwa chefu, anaomba siku za kupumuzika na karatasi ya muganga. Hakuna mutu anasema yule mwanaume ni muvivu. Sasa tuulizane: nani anaandika mukono wa bibi yake, mwenye kuzaa miezi miwili iliyopita, na leo hawezi tena kufungua kifuniko cha sufuria?

Toka Kasongo mupaka Kabambare, sisi watu wa sendika tunasikia malalamiko yale yale kwa wamama wenye watoto wachanga. Kidole kikubwa kinachoma kama moto, pale kinapoungana na kifundo cha mukono. Kwanza ni kidogo tu. Kiisha inakuwa kila mara wakati wa kuinua mutoto, kukamua nguo, kushika kikombe. Mama mumoja alituambia kama anaogopa kumubeba mutoto wake mwenyewe, kwa maana siku moja mukono ulimuachilia na mutoto akakaribia kuanguka.

Na watu wanamujibu nini? Mama mukwe anasema wasichana wa siku hizi hawajui kazi. Jirani anasema kuna mutu amemutupia kitu. Mwingine analeta wembe amuchanje. Mwenye kuuza dawa mu soko anamupa vidonge vya kila rangi. Feza inakwisha, mukono bado.

Wamama, ugonjwa huu hauna uchawi ndani, na si uvivu. Una jina tangu zamani. Mu mwaka wa 1895, Fritz de Quervain, muganga mupasuaji wa Uswisi, aliueleza, na mupaka leo unaitwa kwa jina lake. Iko hivi: kamba mbili ngumu zenye kuvuta kidole kikubwa, zile tunaita mishipa, zinapita kwenye kifundo cha mukono ndani ya njia nyembamba, sawa kamba ndani ya mupira wa maji. Unapoinua mutoto kwa kumushika chini ya makwapa, vidole vikubwa vinasimama, kifundo kinakunjika, na uzito wote unaangukia zile kamba. Mutoto wa kilo 4 au 5, mara nyingi kwa siku, na usiku pia. Njia inavimba, kamba inakwaruzika. Mabadiliko ya mwili wakati wa mimba na kunyonyesha nayo yanaweza kuongeza.

Kwetu kunaongezeka kazi ingine. Mama akiisha kulaza mutoto, kinu kinamungoja: sombe, mihogo, muchele. Na pale kuna zahabu, kuna kinu cha pili, cha kutwanga mawe. Kule Kamituga, Kivu ya Kusini, wale wamama wanaitwa «twangaises»: neno letu kutwanga wamelivalisha mukia wa Kifaransa. Wanatwanga na mutoto mugongoni. Mikono ile inapumuzika saa ngapi?

Namna ya kujua: ficha kidole kikubwa ndani ya kiganja, funga ngumi, kiisha inamisha mukono polepole upande wa kidole kidogo. Kama maumivu yanachoma sana upande wa kidole kikubwa, inaweza kuwa ugonjwa huu. Muganga ndiye atahakikisha.

Musaada wa kwanza hauombi feza nyingi. Usimuinue tena mutoto kwa makwapa. Pitisha mikono yote miwili chini yake, viganja vikiangalia juu, kifundo kimenyooka: mukono mumoja chini ya matako, mwingine chini ya mugongo na kichwa. Wakati wa kunyonyesha, weka mutoto juu ya mutio ao nguo zilizokunjwa, ili uzito usikae kwenye kifundo. Pumuzisha kidole kwa kukifunga pamoja na kifundo na kitu kigumu na kitambaa, bila kukaza sana. Muganga anaweza kuonyesha namna. Dawa ya maumivu, umuulize yeye, kwa sababu unanyonyesha. Wengi wanapona hivyo, hata ikiomba miezi. Kama haipoi, kuna sindano yenye kupigwa pale pale, na kwa wachache operasheni ndogo. Lakini kama mukono ni mwekundu, wa moto, na una homa, usingoje: kimbia kituo cha afya siku ile ile.

Sasa, madai yetu.

Kwa waganga: siku ya kupima kilo za watoto, muulize pia mikono ya mama. Ni ulizo moja tu. Kasongo si pahali padogo mu historia ya afya. Mu miaka ya 1970, mbele hata ya mukutano wa Alma-Ata wa 1978, waganga wa hapa pamoja na Chuo cha Antwerp cha Ubelgiji walijenga vituo vya afya karibu na watu, na mu 1981 uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua ulisomwa mu dunia. Walisikiliza, wakaandika. Tuendelee vile.

Kwa wenye kuajiri: Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mama juma 14 za konje ya kuzaa, na akirudi kazini, nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Hiyo ni haki, si zawadi ya chefu.

Kwa kooperative na wakubwa wa mashimo: mama wa kinu hana kontra, sheria ile haimufikie. Basi mumupe kazi nyepesi miezi ya kwanza, bila kumufukuza. Kumufukuza ni kumunyima chakula.

Na kwa sisi wenyewe, wengi wetu wanaume. Tumepiga kelele miaka mingi juu ya kofia, buti na musharara. Tukirudi nyumbani tunakaa kwenye kiti na kuuliza kama chakula kimeiva. Kuchota maji, kukamua nguo, kutwanga sombe kwa miezi michache: hakuna mwanaume amekufa nayo. Mukono wenye kushika nyundo unaweza kushika muchi.

Tumefungua ukurasa mupya mu daftari letu la magonjwa ya kazi. Juu yake tumeandika: mikono ya wamama. Delege akipita kwenu, mumuambie.